Mtu wa Karibu Hakuandikwa

Wanafunzi wake wote aliwaita kwa mahali walipokaa. Kulikuwa na Mlango, kulikuwa na Soketi aliyekaa kando ya ukuta wenye umeme, kulikuwa na Nguzo ambaye ilibidi apinde shingo ndipo auone ubao, na mimi nilikuwa Dirisha. Tulisoma kwake kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima, orofa ya tatu ya jengo moja mjini, nyuma ya barabara ya Tom Mboya, juu ya duka la kava za simu, na sidhani aliwahi kulishika jina langu. Mimi nami nilimwita Mwalimu tu. Hata kwenye simu yangu ameandikwa hivyo. Nayaandika haya kwa sababu macho yake yamekwisha, na kwa sababu kuna mstari mmoja wa programu, niliouandika kwa mkono wangu, ambao umechangia. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naenda kwake Uthiru, nakunywa chai yake, narudi mjini bila kumwambia.

Alifundisha Ruby. Kwa asiyeijua, ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na vijana wa sasa huiona ya wazee. Yeye alijifunza akiwa ameshastaafu kufundisha hesabu, na aliipenda kwa sababu inasomeka kama mtu anayeongea. Majina yote tuliyoyatunga ndani ya programu alitaka yawe ya Kiswahili: mteja, mgonjwa, tuma, hesabu. Soketi, aliyekuwa mjuaji kidogo, siku moja alimuuliza kama watu wa ng'ambo wataelewa.

"Kwani wao ndio watakuja kurepair ikianguka?" Mwalimu akamuuliza. "Si ni wewe? Basi andika yenye wewe utaelewa."

Somo lake kubwa lilikuwa kutoka mapema. Mwanafunzi mgeni huandika swali ndani ya swali: kama mteja yupo, basi kama ana akaunti, basi kama akaunti haijafungwa, mpaka kazi yenyewe inakutwa huko ndani kabisa, imesukumwa hadi ukingo wa kioo cha kompyuta. Mwalimu akiona programu ya namna hiyo alikuwa anavua miwani kwanza, anaifuta kwa tai, ndipo anasema. Yangu aliifutia miwani mara nyingi.

"Dirisha, hii ni nini umeandika? Nafungua mlango, napata mlango ingine. Nafungua hiyo, napata ingine. Wewe unaishi huku ndani?"

"Si lazima nicheck kila kitu, Mwalimu?"

"Check. Lakini check ukiwa kwa gate. Mtu amekuja kukuuzia makaa na wewe unapikia gas. Utamkaribisha, umpe kiti, umpikie chai, umpeleke mpaka jikoni, ndio umwambie hutaki makaa? Si unamwambia tu hapo kwa gate, aende zake?"

Akaandika ubaoni: return if mteja.nil? Yaani rudi kama mteja hayupo. Mstari mmoja, juu kabisa, kabla kazi haijaanza. Mistari ya aina hiyo aliiita masoja, yaani walinzi wa langoni, na sisi tukaizoea hivyo, hadi leo ofisini kwetu ukisikia mtu anasema "hapa hakuna soja" ujue alipita mikononi mwa Mwalimu, au alifundishwa na aliyepita.

Kichekesho ni kwamba nyumbani kwake hakukuwa na soja hata mmoja. Alipanga vyumba viwili kwenye ploti ya mama mmoja mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye wapangaji wote walimwita Mama Landlord, na huyu mama alikuwa anamgombeza kila wiki kwa sababu ya watu aliowaingiza. Muuza fagio aliingia, akapewa chai. Wahubiri wa Jumapili waliingia wawili wawili, wakapewa chai, wakasikilizwa mpaka wenyewe wakachoka na kuaga. Siku ya kwanza nilipofika pale nilimkuta ameketi na mtu anayeuza vioo vya kujitazamia, wanazungumza habari za mahindi, na kioo hakikununuliwa.

"Mwalimu, si ulituambia tuwamalize kwa gate?" nikamtania.

"Hiyo ni ya computer," akasema. "Mtu ametembea."

Hata yeye kutoka mapema hakujua. Mikutano ya wapangaji, mazishi, arusi za wanafunzi, alikuwa wa mwisho kuinuka. Kwenye arusi ya Nguzo alibaki akisaidia kukunja viti na watu wa tenti, akiwa na tai yake, na tulimsubiri kwenye lango hadi tukakata tamaa.

Kitu cha pili alitufundisha shingo upande. Katika Ruby, ukiita kitu ambacho hakipo ukakiagiza kazi, programu huanguka papo hapo na kupiga kelele. Usipotaka ianguke, unaweka alama ndogo, &, kabla ya nukta. Maana yake ni hii: kama yupo, mwambie afanye, kama hayupo, pita kimya, usimshtue mtu. Ni alama tamu sana. Mwandishi mvivu akiionja mara moja huitia kila mahali, maana makosa yote hunyamaza na bosi hufurahi.

Mwalimu aliiandika ubaoni akasimama mbele yake kama anayemkinga mtu asipite.

"Hii, kabla uweke, kuna swali moja. Huyu mtu akikosa, ni sawa? Kama ni sawa, weka. Kama si sawa, wacha programu ilie. Ikilia, kuna mtu atakuja kuangalia. Ikinyamaza, nani atakuja?"

Hakuishia kusema. Jumamosi moja Nguzo hakuja. Mwalimu alikagua viti, akakuta kile cha nyuma ya nguzo kiko wazi, akaweka chaki chini. "Nguzo hayupo. Nani anajua yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Sisi tulikuwa tumelipa nauli na tulitaka kuendelea, lakini hakugusa chaki mpaka Mlango alipompigia, akapatikana mji wa Kikuyu kwa dada yake, jino limemvimba shavu zima. Mwalimu akaichukua simu akamuuliza ni jino la juu au la chini. Ndipo somo likaanza, nusu saa nzima imepotea, na sisi tumenuna.

Lakini mtu huyo huyo, ikifika zamu ya shida zake mwenyewe, alikuwa kinyume kabisa. Hakuwahi kuomba kitu waziwazi. Alisema, "kama uko na nafasi," au "kama hutakuwa na haraka," na ukikosa nafasi, yaliishia hapo, hakurudia. Mama Landlord aliniambia kuwa aliwahi kukaa siku tatu bila maji, mfereji wa nyumba yake umeziba, kwa sababu alipomtajia mara ya kwanza yeye Mama Landlord alikuwa akiongea na fundi mwingine. Aliona aibu kumkatiza. Ndugu zake hakuwataja kamwe, na kama aliwahi kuwa na mke sikuona picha ukutani.

Na mimi aliniomba mara moja.

Ilikuwa mjini karibu na jengo la Archives, mchana, watu wamefurika. Nilisikia "Dirisha! Dirisha!" nikajua ni yeye kabla sijageuka. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki.

"Uko poa? Umekonda. Sikia, kuna form nilipewa mahali, iko na kasehemu nilitaka kukuuliza. Kama uko na nafasi."

"Mwalimu, nakimbilia meeting, wallahi nimechelewa. Nitakupigia leo leo."

"Sawa, sawa. Enda. Kazi kwanza." Akanipungia mkono wenye bahasha, kama anayeniharakisha nisichelewe zaidi.

Nilidhani ni fomu ya mtandaoni, zile za serikali zinazosumbua wazee. Sikumpigia siku hiyo. Kesho yake nikakumbuka nikiwa kazini, nikasema jioni. Wiki iliyofuata nikaona aibu kupiga nikiwa nimechelewa hivyo. Mnajua mambo hayo yanavyokwenda.

Kazi yangu ni hii. Tuko wanne na bosi, ofisi ndogo mjini, tunaandikia watu programu. Mmoja wa wateja wetu ni kliniki ya macho, iko karibu na Adams Arcade. Wenye kliniki walitueleza jambo ambalo sisi tusingelifikiria: mgonjwa wa macho mara nyingi hasomi simu. Kwa hiyo vipimo vikionyesha shida, ujumbe usiende kwa mgonjwa, uende kwa mtu wake wa karibu, yule aliyeandikwa kwenye fomu, naye amlete. Kama hakuna shida, hakuna ujumbe. Ni utaratibu mzuri na wenye akili, na mimi ndiye niliyeuandika.

Siku ya kwenda kuwaonyesha, tukijaribu kwa mara ya mwisho, programu ikaanguka. Mgonjwa mmoja wa majaribio hakuwa na mtu wa karibu. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, koti mkononi.

"Hiyo ni nini tena?"

"Ni kitu kidogo."

"Basi itoe, tunachelewa."

Nikaweka ile alama kabla ya nukta. Programu ikanyamaza. Bosi akasema, "Si umeona?" Nitasema ukweli: nilimkumbuka Mwalimu na ubao wake. Nilijiambia Jumatatu nitarudi nipaweke sawa. Watu wa Adams walifurahi, walipiga makofi, na Jumatatu kulikuwa na kazi nyingine.

Habari zilinifikia kwa Soketi. Alinipigia nikiwa Loresho kwa mteja. "Umesikia Mwalimu haoni?" Nilidhani ni miwani imevunjika. Jumapili nikaenda Uthiru, nikamkuta kwenye kiti kile kile, tai shingoni, uso umeelekea dirishani ambako kulikuwa na mwanga. Jicho moja lilikuwa limekufa kabisa. La pili lilibaki linajua tu kama ni mchana.

"Ni pressure ya macho," aliniambia. "Inakula pole pole kutoka kando, hata huskii. Huko hospitali kubwa wamesema imeenda. Yenye imeenda hairudi."

"Na hukuwa umepimwa, Mwalimu?"

"Nilipimwa. Ile mashine ya kuweka kidevu. Wakaniambia daktari mkubwa akiona shida watatuma message kwa mtu wangu. Sikusikia kitu, nikajua niko fiti."

"Kliniki gani?"

"Hiyo ya pale Adams."

Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini, na sikumbuki tuliongea nini baada ya hapo. Nakumbuka tu kwamba alinisindikiza hadi langoni akishika ukuta, na kwamba nilimwacha anisindikize.

Asubuhi yake nilifungua rekodi yake, nikiitafuta kwa namba yake ya simu. Jina lake, ambalo nililisoma lote kwa mara ya kwanza. Majibu ya daktari: arudi ndani ya wiki moja, haraka. Na sehemu ya mtu wa karibu, wazi. Nikaangalia tarehe ya fomu. Ilijazwa siku iliyofuata ile tuliyokutana Archives. Nilijua sasa bahasha ile ilikuwa na nini, na kasehemu gani alitaka kuniuliza.

Kurekebisha kulinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Niliitoa ile alama. Sasa mgonjwa asipokuwa na mtu, programu inapiga kelele kwenye kompyuta ya nesi wa mapokezi, na ujumbe wenyewe, hata ule wa zamani, hautupwi, unasubiri mpaka mtu aandikwe. Nilimweleza bosi, bosi akawaeleza kliniki, na nesi akaanza kuwapigia wote waliokuwa na sehemu wazi. Walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kujua. Wengine waliwahi matibabu. Kwa Mwalimu hakukuwa na la kurekebisha. Nilikaa mbele ya kompyuta ambayo hunitii kwa kila kitu na sikuwa na cha kuiambia.

Tangu hapo nikawa naenda Uthiru Jumapili moja baada ya nyingine. Nilimpelekea mkate na majani ya chai. Nilimpakia mafuta mlango uliokuwa ukilia. Mama Landlord alinisifu mbele ya wapangaji kwamba mimi ndiye mwanafunzi mwenye moyo, na nilitamani ardhi ipasuke. Kila nikifika langoni nilikuwa na maneno tayari, na kila nikiketi yeye alianza kumimina chai kwa kupima na kidole ukingoni mwa kikombe, na maneno yakaisha. Labda mtu mwingine angeweza. Mimi sikuweza.

Alichokosa kuliko vyote ni kusoma. Alinitaka nimsomee programu, zozote, na nilimsomea za wengine ofisini, mstari kwa mstari, naye aliketi ameinamisha kichwa, akinikatiza: "Hapo hakuna soja." Alikuwa haoni kitu na bado aliona makosa kabla yangu.

Jumapili iliyopita nilipofungua kompyuta akasema, "Leo nisomee ile ya kliniki."

"Ipi, Mwalimu?"

"Ya Adams. Soketi aliniambia kitambo ni wewe ulifanya. Si ndio maana nilienda hapo, nikaacha hizi za huku karibu." Akatafuta kikombe chake, akakipata. "Na unisomee vile ilikuwa mwanzo. Kabla urekebishe."

"Nani amesema nimerekebisha?"

"Nurse alinipigia. Akasema machine imeanza kulia juu yangu. Nikajua kuna mtu ametoa kitu."

Alikuwa amejua muda wote huo. Jumapili zote zile, mkate wote ule.

Nikatafuta ile ya zamani, nikaanza kusoma. Nilisoma masoja, mmoja mmoja: rudi kama majibu hayajafika, rudi kama hakuna shida, rudi kama ujumbe ulishatumwa. Walikuwa masoja wazuri, wamepangwa kama alivyotufundisha. Kisha nikasoma neno la kufunga, end.

Mwalimu akainua mkono.

"Umeruka."

"Nimesoma yote."

"Umetoka kwa masoja ukaingia kwa end. Katikati kuna kazi. Masoja wote hao wanachunga nini? Kazi iko wapi?"

Nje mtu alikuwa anafua, maji yalisikika yakimwagwa. Nikasoma: mgonjwa, nukta, mtu wa karibu. Nikasema ile alama, nikasema nukta, nikasema tuma ujumbe.

Aliivua miwani, ambayo haimsaidii tena, akaifuta kwa tai.

"Nani aliandika?"

"Ni mimi, Mwalimu." Nilikuwa nalia na sikujificha, kwa nini nijifiche.

"Uliuliza swali?"

"Sikuuliza."

"Mm." Akairudisha miwani usoni. "Na mimi pale Archives ningekuambia tu, Dirisha, simama. Badala yake nikakuuliza kama uko na nafasi." Hakusema amenisamehe. Sikumuomba pia. Tuliketi hapo, watu wawili wazima, na hakuna aliyejua la kufanya na jambo hilo.

Baadaye akauliza, "Ile form bado wako nayo?"

"Iko kwa system."

"Na ile sehemu?"

"Bado iko wazi."

"Basi andika."

"Niandike nani?"

"Wewe, Dirisha. Unaitwa nani?"

Nikamwambia jina langu. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama anayelijaribu. Nikaingia kwenye rekodi yake kutoka hapo hapo kitini, nikaandika jina na namba ya simu, nikahifadhi. Nilikuwa nimesahau kabisa nilichokitengeneza. Simu yangu ikatetemeka ndani ya mkoba.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Nikaitoa. Ulikuwa ule ujumbe wake wa kliniki. Ulikuwa umemsubiri mtu muda wote huo, na sasa mtu ameandikwa.

"Nisomee."

"Mgonjwa wako anahitajika kliniki haraka, ndani ya wiki moja. Tafadhali mlete."

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza programu. Kisha akaweka kikombe chini, akashika mikono ya kiti na kuanza kuinuka.

"Basi maliza chai," akasema. "Twende."

Ilikuwa Jumapili na kliniki ilikuwa imefungwa. Niliinuka nikaenda kumletea koti.